Mwiko na Mwiko

Mkutano wa wazazi uliitwa saa nne asubuhi, na ilipofika saa sita hakuna aliyekuwa amegusa habari ya karo wala ya vyoo. Kilichozungumzwa ni sufuria. Ni zile tano ambazo mimi na wanafunzi wa Gredi ya 6 huziazima kwa mpishi wa shule kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, tukapika chakula cha jamii moja au nyingine: leo cha Wakamba, siku nyingine cha Wasomali, cha Waluo, cha Wagujarati. Nilikaa benchi la nyuma nikaandika kila shtaka katika daftari. Mwenyekiti alinipa dakika tatu nijitetee, na dakika tatu, mikononi mwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, hazimalizi hata kukuna kifuu kimoja cha nazi. Basi nayajibu hapa, si kwa zamu yalivyotolewa bali kwa uzito ninavyouona mimi.

Lililopigiwa makofi zaidi ni hili: tumeleta watoto kusoma, kupika watajifunza kwa mama zao.

Kupika hakukuingia shuleni kwa mkono wangu. Sayansikimu ilikuwamo katika 8-4-4 tangu mfumo huo uanze mwaka 1985, ikaja ikaondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, na tangu hapo ikafa kifo cha kawaida, kwani kwetu kisichotahiniwa hakifundishwi. Mtaala wa umilisi ukaifufua, kisha masomo yalipopunguzwa mengi yake yakatiwa ndani ya Kilimo. Hayo ni ya wizara. Langu ni hilo neno “kwa mama zao”. Mama atamfundisha mwanawe chakula cha nyumbani mwake, na atamfundisha vizuri kuliko mimi. Je, cha nyumba ya pili atajifunza wapi? Tunaishi Mombasa, ukuta kwa ukuta, harufu ya jikoni kwa mwenzio inakuingilia dirishani kila jioni, na mtu anaweza kuzeeka hapo bila kujua kilichomo katika sufuria ile. Shule ndiyo mahali pekee ambapo watoto wa majiko hayo yote wamekaa dawati moja.

Na kama ni kusoma, nitawasimulia Alhamisi ya meza tatu.

Meza ya kwanza ilikuwa ya vibibi: mchele ulioroweshwa, ukasagwa na tui zito, iliki, sukari na hamira kidogo. Ya pili ilikuwa ya anjera ya Kisomali, unga wa ngano uliochanganywa na wa mtama, umekorogwa tangu jana yake. Ya tatu ilikuwa ya dosa: mchele na zile dengu ndogo ambazo maduka ya Kihindi huziuza kwa jina la uradi, zimesagwa pamoja na kuachwa usiku kucha. Katika bakuli la dosa hatukutia hata chembe ya hamira. Asubuhi lilikuwa limeumuka hadi kufura juu ya ukingo.

Swali lilikuja lenyewe: hamira imetoka wapi? Sikulijibu. Mmoja akasema labda mwalimu alitia kwa siri. Mwingine akanusa akasema kunanuka kama maziwa ya mgando. Hapo ndipo tulipopata mlango wa kuingilia, kwani kweli ni ndugu wa maziwa ya mgando: vijidudu viko kwenye dengu na mchele wenyewe, vinakula, vinatoa hewa na uchachu. Msichana aliyehamia kutoka Nyahururu akasema kwao unga wa kuumua huwekwa karibu na moto, la sivyo kesho utaukuta vilevile. Wakaandika: joto. Kisha wakaingia kwenye chuma. Anjera humiminwa katikati, halafu kwa mgongo wa upawa huzungushwa duara baada ya duara kwenda ukingoni, mithili ya konokono. Dosa huzungushwa vivyo hivyo, ila nyembamba zaidi. Vibibi humiminwa vikaachwa vitambae vyenyewe. Zote zikaanza kutoboka macho juu, na watoto wakainama kuyahesabu. Mvulana wa Kisomali akamwambia mwenzake wa Kiswahili, “Hii yenu ni anjera yenye sukari.” Mwenzake akajibu kwamba hiyo yao ni kibibi kilichosahauliwa nazi. Niambieni ni ukurasa upi wa kitabu cha sayansi ungewafikisha hapo kabla ya kengele ya saa nne.

Shtaka la pili lilitolewa na mzee mmoja ninayemheshimu, tena kwa upole: mwalimu, mnawatia watoto vyakula vya wageni, na mtu akiacha chakula chake ameacha asili yake.

Shikamoo mzee wangu, na unisamehe nikianza na ugali. Mahindi ni mmea wa Amerika. Yalifika pwani hii baada ya Wareno, ambao merikebu zao zilitia nanga Mombasa kwa mara ya kwanza mwaka 1498, na jina lenyewe, mahindi, linatuonyesha kwamba waliotutangulia waliyadhania ya Bara Hindi. Kabla ya hapo sima ya nchi hii ilikuwa ya wimbi, mtama na uwele. Muhogo nao ni wa huko huko Amerika. Pilipili kali, ambayo bila yake hatuwezi kula muhogo wa kukaanga, pia. Nyanya pia. Pilau jina lake ni la Kiajemi, kachumbari na achari yametoka India, bajia vilevile, na hamira tuliyoizungumzia ni neno la Kiarabu. Ukiniambia niondoe cha wageni kwenye sinia ya Idi, sijui kitakachobaki. Pengine sinia.

Sisemi hivi kukebehi. Nasema kwamba asili ya chakula chetu hapa pwani haiko kwenye kiungo, iko kwenye mkono: tulichukua mchele wa watu tukautia tui. Mtoto anayejua hivyo hapotezi asili. Anayeipoteza ni yule anayedhani pilau ilishuka na mvua. Na juu ya hao “wageni”, mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kihindi kuwa kabila la 44 la nchi hii. Chapati ilikuwa imepata uraia zamani sana kabla ya wapishi wake.

Sasa naja kwenye hoja iliyoninyima usingizi, na haikutoka kwa mzazi mkali. Ilitoka kwa mama mmoja kijana aliyesimama karibu na mlango na mtoto mgongoni. Alisema: mnawafundisha ukabila kwa kijiko. Mjaluo ni samaki, Mkikuyu ni githeri, Mkalenjin ni mursik. Mtoto anatoka hapo akijua kabila la mtu kwa sufuria yake.

Bibiye, una haki. Nimeona siku za utamaduni katika shule kadhaa: meza kumi, bendera kumi za karatasi, kila kabila na bakuli lake, watoto wanapita wakichovya kijiko na kukunja uso, halafu picha, halafu nyumbani. Hayo ni maonyesho, na mtoto hutoka na yaleyale aliyokwenda nayo. Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Ubaoni niliandika kwa herufi kubwa: CHAKULA CHA WAKAMBA, MUTHOKOI.

Kilichoniokoa ni kwamba siku ile hatukuonja tu, tulitwanga. Muthokoi ni mahindi yaliyotolewa ganda. Unayalowanisha kidogo, unayatia kinuni, unatwanga polepole ili ganda livuke bila punje kuvunjika, kisha unapepeta kwa ungo. Ni kazi ya mabega. Mikono ilipochoka midomo ikaanza. Msichana mwenye bibi Tanga akasema kwao hiyo inaitwa makande. Mwingine akasema si makande wala nini, hiyo ni pure, anapikiwa na nyanyake Kisauni. Mvulana wa Machakos aliyekuwa ameshika mchi akasimama akawatazama kana kwamba wamemwibia. Tukapika, tukatia maharagwe, kundi moja likatia tui. Yule wa Machakos akala ya tui sahani mbili. Nikaenda ubaoni nikafuta maneno matatu, nikaacha la mwisho.

Tofauti ya kuonja na kupika ni hiyo. Ulimi hutafuta kile ulichokizoea, na usipokikuta hukataa. Mkono hauna ubaguzi huo. Mkono uliowahi kuosha omena kwa maji ya moto, ukaona mchanga ukituama chini ya karai na uchungu ukitoka na yale maji, hauwezi tena kusema hiki ni chakula cha watu wasiojali. Unajua ni kazi. Unajua pia kwa nini samaki wale hukaushwa juani: ni wadogo, huvuliwa kwa wingi, na huoza upesi. Nyirinyiri ya wafugaji wa kaskazini, vijipande vya nyama vilivyokaushwa, vikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, ina jibu la swali lilelile katika nchi ya mifugo. Mursik, maziwa ya mgando, husindikwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, na mkaa ule ndio unaoyapa rangi ya kijivu mnayoicheka. Watoto walipoviweka vyakula hivyo vitatu katika safu moja, hawakuandika Waluo, Waborana, Wakalenjin. Waliandika: hakuna friji.

Na mboga! Mnavu peke yake ulitulia wiki mbili. Tuliuleta fungu moja darasani nikauliza jina. Mnavu, managu, osuga, lisutsa, rinagu. Jani moja, majina matano, na kila mmoja aliapa kwamba lake ndilo jina la kweli. Kila nyumba inajua kwamba mnavu ni mchungu, na kila nyumba imetafuta dawa. Waluo huupika na maziwa, wakiongeza na kuuchemsha tena. Sisi huutia tui. Kwa Waluhya mboga ngumu hulainishwa kwa chumvi ya majivu, iliyochujwa kutoka maganda yaliyochomwa, kazi ambayo kwingineko hufanywa na magadi. Maziwa na tui vilikaa sahani kwa sahani, na mtoto mmoja akasema, “Mwalimu, hawa wote walikuwa wanaficha kitu kimoja.”

Wala si uzushi wangu kuwapa watoto kazi ya namna hii. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza katika orodha yake ya kazi bora za kuhifadhi urithi juhudi za Kenya za kuvirudisha vyakula vya asili. Wanasayansi na jamii waliorodhesha takriban mimea 850 kwa majina yake ya kienyeji, na sehemu moja ya kazi hiyo ilifanywa na watoto wa shule za msingi, wakichunguza na kuandika vyakula vya kwao. Hao hawakukunja uso juu ya bakuli. Walikwenda kuuliza.

Kuhusu wavulana sitakawia. Akina baba wawili walisema mtoto wa kiume haingii jikoni. Nawauliza hivi: pilau mliyokula kwenye harusi ya mwisho ilipikwa na nani? Marehemu baba yangu alikuwa mpishi wa shughuli. Alisimama juu ya moto wa kuni tangu alfajiri, kanga ya mamangu imefungwa kichwani, mwiko wake mrefu kama kasia, na hakuna bwana harusi aliyethubutu kumwambia haya ni ya wanawake. Na nyama choma huko barabarani, mishkaki ya jioni, viazi karai, ni nani wanaochoma na kukaanga? Ninyi mnataka mwanamume apike akilipwa tu.

La dini ni zito, na sitalifanyia mzaha. Wazazi wa Kiislamu waliuliza watoto wao wanashika nini. Nyama zetu zote hununuliwa bucha ya halali, nguruwe haingii, na pombe haingii. Busaa tuliisoma kwenye karatasi, hatukuipika. Hapo sina la kujitetea kwa sababu hakuna kosa.

Kosa lipo kwingine, nalo ni langu. Muhula wa kwanza tulikuwa na mtoto wa familia ya Kijaini. Nilijua hali nyama, nikajiona mwerevu kwa kumpikia sambusa za mboga. Nilitia vitunguu, viazi na karoti. Alikaa nayo mkononi hadi ikapoa, halafu akaiweka kwenye kisahani cha mwenzake bila kusema neno. Nilikuja kuambiwa na dadake mkubwa, wiki iliyofuata, kwamba kwao hata kinachong'olewa na mzizi chini ya ardhi hakiliwi. Mtoto alikuwa ameagizwa na mamake asimsumbue mwalimu. Iliniuma kuliko ngumi. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi ana ukurasa wa kwanza wa daftari lake ulioandikwa “Nisichokula, na kwa nini”, na hatuwashi moto kabla sijausoma.

Ukurasa huo umefundisha kuliko mapishi. Kwa Kiswahili tuna mwiko wa kusongea na mwiko wa kukataza, na watoto waligundua kwamba hakuna jiko lenye mmoja bila mwingine. Walikwenda kuuliza nyumbani. Wakaja na firigisi ambayo kwa Waluhya huwekewa mkubwa wa nyumba, na nyumba za zamani ambamo wanawake hawakuonja kuku waliyempika wenyewe. Wakaja na wafugaji waliomdharau samaki. Msichana mmoja akauliza kwa nini miko mingi iko upande wa wasichana. Sikuwa na haja ya kuongeza neno.

Gharama: hapo baba mmoja wa bodaboda alisema kweli tupu. Alisema mtaala huu ulipoanza alikuwa akiambiwa kila siku alete kitu, leo manila, kesho kuku, kesho kutwa vitambaa, na mtoto asipoleta anasimamishwa mbele. Nilikuwapo, niliyaona, na yalikuwa mabaya. Ndiyo sababu kwetu hakuna orodha inayotumwa nyumbani. Darasa lina watoto arobaini na wanane. Pakiti ya unga ya kilo 2 hutoa chapati ishirini na kitu, kwa hivyo pakiti moja yampa kila mtoto karibu nusu. Nusu inatosha, kwani hatupiki kushiba, na anayeomba zaidi namwambia akapike kwao. Mwenye mnazi huleta nazi. Mwenye kuku wa kutaga huleta mayai mawili. Asiye na kitu huchota maji na kuosha vyombo, na jina lake huandikwa katika daftari la michango mstari mmoja na wa mwenye nazi. Kinachotuumiza ni gesi. Hiyo hulipwa kwa mboga za bustani ya shule zinazouzwa kwa walimu, na mwezi uliopita haikutosha, nikaongeza mfukoni. Kama kamati ina njia bora naisikiliza.

Hatari ya moto na kisu ipo, sikatai. Vikundi ni vitano, kila kimoja na mtu mzima mmoja, akina mama watatu wa kujitolea, mpishi na mimi. Visu huhesabiwa vikitoka na vikirudi. Ndoo ya mchanga iko karibu na jiko na blanketi limelowanishwa. Kwa miaka miwili aliyeungua ni mmoja, kidole gumba, akijionyesha jinsi ya kugeuza chapati bila kutumia kitu. Ni mimi.

Kuna aliyesema wenzetu walioendelea watoto wao wako kwenye kompyuta, sisi tuko kwenye majivu. Japani ilitunga sheria ya elimu ya chakula mwaka 2005, na huko watoto wa shule za msingi hugawiana chakula cha mchana wenyewe darasani. Uingereza tangu mwaka 2014 mapishi ni lazima katika mtaala wake wa taifa hadi umri wa miaka 14. Kompyuta wanazo pia.

Limebaki shtaka moja, la mama aliyekaa mbele kabisa na hakutabasamu mkutano mzima. Alisema tangu waanze hizo Alhamisi zenu, mwanangu amekuwa mjuaji. Nikipika anasimama mlangoni. Ananiambia wimbi haukorogwi hivyo, ananiambia mnavu unaukatakata sana, ananiuliza kwa nini hatupiki na maziwa kama kwa kina fulani. Juzi amemwambia babake kwamba ugali si wetu.

Mama, hilo sina jibu. Binti yangu yumo darasa hilohilo. Jana usiku alionja mchuzi wangu wa nazi, akaenda kabatini bila kunitazama, akarudi na ndimu.